Jemadari Niliyekataa Kumzika

Jumapili, tarehe 2 Machi

Leo natimiza siku nane nikiwa mke wa mtu. Mke wa mtu! Nimeandika mara mbili makusudi, nione maneno yanavyokaa kwenye karatasi. Yanakaa vizuri. Kama yalizaliwa hapo.

Mume wangu humu ndani nitamwita Laazizi. Jina lake la kwenye cheti nawaachia wenye vyeti. Ni fundi wa mafriji na mikono yake ina ubaridi wa kazi yake — akinishika shingo akitoka kazini napiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta. Juzi aligonga mara tatu. Sijali!

Fungate yetu ilikuwa iwe siku saba, sisi wawili, mlango umefungwa. Tulipata nne na nusu. Siku ya tano Baba mkwe, ambaye ni fundi cherehani, aliona kivuli cheusi kinashuka pembeni kama pazia. Akasema ni taa ya cherehani. Akabadilisha balbu. Kivuli kipo. Akabadilisha tena, akamtukana muuza balbu. Kesho yake Mama mkwe ndiye aliyemburura hospitali. Kumbe taa ni nzima, jicho ndilo linalozimika. Na jicho lenyewe ni hilo hilo moja! La kushoto lilikufa akiwa mtoto.

Wamempasua Ijumaa. Wamemjaza gesi ndani ya jicho ili igandamize kingozi cha nyuma ya jicho kilichobanduka, kirudi mahali pake. Sharti moja: alale kifudifudi siku kumi, mchana na usiku. Laazizi amechukua godoro la zamani akalikata shimo la uso. Baba amelala sebuleni, anaongea na sakafu.

Mama itabidi ashinde dukani kumalizia nguo za watu. Laazizi kazini. Mwenye likizo iliyobaki karibu wiki mbili ni mimi. Kwa hiyo kuanzia kesho ni mimi na Baba mkwe, ambaye tangu nimfahamu nimemwambia "shikamoo" na yeye ameniambia "marahaba". Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote.

Naogopa kidogo. Lakini nimeolewa!

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kimya. Kimya. Uji. Kimya.

Saa kumi na mbili jioni nikashindwa. Nikamwomba ruhusa niwashe tivii kwa sauti ndogo. Shimo likajibu: "Washa." Kumbe ndiyo siku inaanza tamthilia mpya ya Kikorea, ya Malkia wa kale sana, wa kwenye hadithi, ambaye wanasema alizaliwa katikati ya watu wanaopika chumvi na usiku ule chumvi yote ikang'aa kama taa. Yaani dakika mbili tu nimeshikwa! Milima ile! Theluji ile! Farasi!

Baba akauliza kutoka shimoni: "Watu gani hao wanaogombana na kubembelezana kwa pamoja?"

Nikasema ni Wakorea, Baba, ndivyo lugha yao ilivyo.

"Wanasemaje?"

Maandishi ya Kiswahili yanapita chini ya kioo, na yeye uso uko sakafuni, jicho limejaa gesi, haoni kitu. Basi nikaanza kumsomea. Mwanzoni kama nasoma tangazo la maji kukatika. Akasema, "Binti, huyo ni malkia au karani?" Nikacheka! Nikajikaza, nikatoa sauti ya malkia. Tamthilia ilipoisha akauliza kesho ni saa ngapi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Majina yao yananishinda, nimewapa ya kwangu. Malkia ni Malkia. Mama wa mfalme, anayemchukia bila sababu, ni Nyoka wa Hariri. Mfalme mwenyewe mgonjwa mgonjwa, anakohoa kila akitaka kuamua jambo. Na yupo Jemadari!

Ni mrefu, mkimya, ana kipande cheusi cha ngozi kwenye jicho moja — alilipoteza akimkinga Malkia na mshale zamani wakiwa watoto. Anampenda. Hajasema. Hatasema! Anasimama tu nyuma yake hatua tatu, miaka na miaka. Nilisimamisha kusoma, nikajifuta pua.

Baba: "Jicho gani?"

"La kushoto, Baba."

Shimo likauliza: "Na bado wanampeleka vitani?"

"Ndiye mkubwa wao wote."

"Aa." Kisha tena, polepole, kama mtu anayepima kitambaa: "Aa. Mwenzangu huyo."

Kuna jambo lingine. Maneno hayamtoshi. Anataka nguo. Malkia kavaa nini? Nikasema gauni zuri la bluu. Akaguna. "Zuri si kipimo." Sketi inaanzia wapi? Kifuani, Baba, si kiunoni. Haina kiuno kabisa? Haina. Mkono umeshonewa begani au umeshuka? Nikamwambia sijui. "Tazama tena. Unatazama kama mteja, tazama kama fundi." Nikapiga magoti mbele ya tivii mpaka pua ikagusa kioo. Umeshuka! Mshono uko chini ya bega, mkono umejikunja kama mwezi. Baba akachora kwa kidole sakafuni, huko chini kwenye shimo lake. Nilikiona kidole kinazunguka.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Laazizi alirudi mapema leo. Alinikuta nimesimama juu ya kigoda, kanga kichwani, nanguruma: "Mkigusa hata unywele mmoja wa watu wangu wa chumvi, nitaibomoa ikulu hii tofali kwa tofali!" Na Baba yuko kifudifudi anapiga sakafu kwa kiganja, anasema, "Mwambie! Mwambie huyo Nyoka!"

Laazizi alisimama mlangoni na ovaroli yake, sanduku la spana mkononi, mdomo wazi. Akaniambia baadaye kwamba hajawahi kumsikia baba yake akipiga kelele ya furaha. Hajawahi! Miaka ishirini na saba. Akanishika uso kwa ile mikono ya barafu. Akasema, "Nimeoa malkia." Jamani. Nitaendelea kuandika kesho, siwezi leo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mfalme amekufa. Alikohoa, akafa. Hakuna aliyemlilia, hata mkewe kwa kweli. Sasa ni Malkia peke yake na Jemadari hatua tatu nyuma. Hatua mbili na nusu leo — nimehesabu!

Baba anasema Jemadari asiseme mapenzi mpaka vita viishe. Mimi nasema aseme leo leo. Tumebishana. Mimi na Baba mkwe, tunabishana kuhusu mapenzi!

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimefanya jambo. Sijui ni zuri au baya.

Jumatatu Baba anarudi kwa daktari, ndipo ajue kama kile kingozi kimeshika. Leo kutwa hakula vizuri. Alasiri akaniambia, bila mimi kuuliza, kwamba mtu akimwambia Jumatatu jicho limekwisha, hajui atakuwa nani. Kuanzia miaka kumi na minne amekuwa fundi, hajawahi kuwa kitu kingine. "Halafu namfikiria huyu mwenzangu. Lake moja, na ndiye wanayemtuma mbele. Nikimfikiria napumua."

Saa kumi na mbili. Mama alikuwepo, kwa sababu Jumamosi anafunga duka mapema. Amekaa kwenye kochi anapachika vifungo vya shati la mtu. Kwenye tivii ni daraja, theluji, maadui pande zote. Nasoma, nasoma. Na mshale ukaja. Ukampata Jemadari kifuani. Akaanguka taratibu, hivi, kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Malkia akakimbia bila viatu. Akamkumbatia. Jemadari akafungua mdomo, nikaona maneno yanatokea pale chini: Nilikuwa nataka kukwambia. Akafa kabla hajasema!

Nikaacha kusoma.

"Mbona umenyamaza?" Baba anauliza. "Binti? Mshale umempata nani?"

Nikatazama kisogo chake kwenye lile shimo. Shingo imemkakamaa kwa siku nane.

"Umemkosa, Baba," nikasema. "Umepita pembeni."

Sindano ya Mama ilisimama hewani.

Kwenye tivii Malkia analia mpaka spika zinapasuka. Baba akauliza, sasa mbona analia hivyo? Nikasema ni furaha. "Furaha gani ya kulia kama msiba?"

Nikajua nimekwisha. Ndipo Mama akasema, bila kuinua macho kwenye kifungo: "Wewe nawe. Mimi sikulia hivyo hivyo siku ya harusi yetu?"

"Wewe ulilia kwa sababu viatu vilikubana."

"Basi na yeye vimembana."

Jikoni mimi na Mama tuliosha vyombo. Hakunigombeza. Alinipa sahani ya kufuta, akasema tu, "Mwanangu, kazi umejipa."

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kingozi kimeshika! "Mpaka sasa," daktari alisema, na alilisema hilo mara mbili. Baba haruhusiwi kulala chali, ila sasa anaweza kukaa. Gesi bado imejaa jichoni, haoni kitu isipokuwa ukungu na mwanga wa dirisha. Itapungua yenyewe, siku kwa siku. Ikishuka ndipo tutajua kama jicho linaona au kingozi kimeshikana tu na ukuta wa jicho bila faida. Hakuna anayeweza kuahidi. Laazizi alimwongoza babake kwenye korido ya hospitali kwa kumshika kiwiko. Nilitembea nyuma yao hatua tatu, nikawapenda wote wawili.

Jioni — mazishi. Hilo sikulifikiria! Ukimwacha mtu hai, watu wengine bado watamzika.

Baba amekaa kwenye kiti, uso chini, ananisubiri. "Leo wamevaa nini?"

"Nyeupe, Baba." Ilinitoka.

"Wote?"

"Wote. Ni... ni siku yao ya kukaribisha theluji."

"Pamba au katani?"

Nikatazama kama fundi. "Katani. Haijapigwa pasi. Pindo limeachwa bila kukunjwa."

Akafikiri. "Siku ya shangwe, wakaacha pindo wazi?"

"Ndiyo mila yao."

"Na Jemadari?"

"Ametumwa mpakani."

Nimemtuma mpakani. Jamani, ni mpaka wa mbali sana, atakaa huko muda mrefu.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Leo nusura!

Baba ana rafiki yake wa toka ujanani, Kinyozi, duka lake linapakana na la Baba. Alikuja kumnyoa ndevu. Akaingia na mkoba wake wa mikasi, hata salamu haijaisha, akasema kwa sauti kubwa: "Pole kwa msiba, ndugu yangu!"

"Msiba gani?"

"Si wa yule—"

Nikaangusha sinia. Makusudi kabisa. Vikombe viwili vimekufa, Mungu anisamehe, vilikuwa vya zawadi ya harusi. Nikasema Mzee naomba unisaidie kuokota, nikamvuta jikoni kwa mkono wa shati. Nikamweleza yote kwa kunong'ona. Alinitazama kama mtu aliyeona kichwa chenye nywele za rangi tatu.

"Yaani wewe umemfufua?"

"Sikumfufua. Nilikataa kumzika."

Akacheka mpaka akashika meza. Akasema yeye amenyoa watu miaka thelathini, mtu akikaa kwenye kiti anamwaga kila kitu, na hata siku moja siri haijamtoka. Nikamwamini. Kosa langu! Amerudi sebuleni, akapaka povu, akaanza mwenyewe bila kuulizwa: "Na huyo Jemadari wenu yu mzima kabisa! Jana nimemwona kwa macho yangu, anakula, anashiba, amenenepa hata!"

Baba, povu mpaka puani: "Huko mpakani?"

"Huko huko! Chakula kingi mpakani."

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Likizo imekwisha, nimerudi duka la fotokopi. Nashinda nachapa barua za watu za kuomba kazi na kichwani nachapa barua za Jemadari kwa Malkia. Ya leo ilikuwa nzuri mno. Jioni nilimsomea Baba kana kwamba mjumbe wa farasi ameileta: "Hapa mpakani upepo unapiga upande wa jicho langu lisiloona, kwa hiyo silalamiki." Baba aliniomba niirudie.

Laazizi alisikia akiwa mlangoni. Anauliza Wakorea huwa wanaandika vizuri namna hii? Nikambusu ili anyamaze.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Ugomvi wetu wa kwanza. Nimelia kwenye mto, halafu nikaugeuza upande mkavu nikaandika.

Jana Laazizi alikuwa nyumbani kwa mteja anatengeneza friji, na tivii ya pale ilikuwa inarudia vipindi vya wiki iliyopita. Akaona daraja. Akaona mshale. Akaniuliza leo asubuhi tukikunja shuka. Nikadhani atacheka kama Kinyozi. Hakucheka.

Akanisimulia habari ya lile jicho la kushoto. Baba alikuwa na miaka tisa, kijiti kilimchoma. Nyumba nzima ikamwambia litarudi. Kila asubuhi mama yake anamziba la kulia, ananyoosha vidole: vingapi? Yeye anabahatisha: vitatu. "Ndiyo mwanangu, vitatu!" Kila siku anapatia! Mwaka mzima anajua anapona. Siku moja shuleni watoto wakacheza mchezo huo huo, akakosa vyote, wakamcheka mpaka kengele. Akarudi nyumbani akamuuliza mama yake. Mama yake akalia. Basi akajua.

"Baba hakuwahi kumsamehe vizuri," Laazizi akasema. "Ni mtu anayesamehe matusi. Lakini ukimdanganya kwa huruma, ndipo unapompiga pale pale. Na wewe unafanya hivyo kila siku saa kumi na mbili."

Nikasema mimi sikujua! Nikasema basi mwambie wewe. Akasema, "Maneno umeyasema wewe."

Na ni kweli. Ndilo linaloniliza. Nimepata baba mkwe anayenisubiri nirudi kazini, anayeniambia tazama kama fundi, na nitampoteza kwa mkono wangu mwenyewe. Kesho namwambia. Kabla ya kipindi.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Sikumwambia.

Nilikaa. Nikasema, "Baba, kuna jambo." Akasema na yeye ana jambo. Siku kumi na saba tangu apasuliwe, bado ukungu. Asubuhi Mama alipotoka alijaribu kutia uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Alijichoma mara nne akaiacha. Anadhani jicho limekwenda ila watu wanaogopa kumwambia. Akaniuliza mimi, mimi!, "Binti, kuna mtu amekwambia kitu ambacho mimi sijaambiwa?"

"Hakuna, Baba. Kuhusu jicho, hakuna."

Hiyo ilikuwa kweli. Niliisema kwa nguvu sana kwa sababu ilikuwa kweli.

Akavuta pumzi. "Wewe nakuamini. Huniambii kitu kizuri hata kwenye mshono kama hukioni."

Ningesema nini baada ya hapo? Ardhi ingefunguka ningeshuka na kigoda changu.

Halafu akauliza Jemadari atarudi lini. Matangazo yanasema Alhamisi Malkia anatawazwa, atawale mwenyewe bila mfalme, na wakuu wote wa vita watakuwepo. Mdomo wangu ukasema: "Alhamisi, Baba. Siku ya kutawazwa."

Sijui kwa nini! Ulijisemea wenyewe!

Jumanne, tarehe 18 Machi

Ameona mstari!!!

Asubuhi, nafunga mkanda wa viatu niende kazini, akaita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Tukakimbia wote, Mama na mwiko, Laazizi na mswaki mdomoni. Baba ameshika mikono ya kiti. Anasema kuna maji. Ndani ya jicho, kama glasi iliyojaa nusu. Akitikisa kichwa yanatikisika. Chini ya mstari ni matope matupu. Juu ya mstari — akanyoosha kidole — "ile ni saa ya ukutani. Imesimama. Mbona hakuna aliyetia betri?"

Mama alikaa chini hapo hapo sakafuni na mwiko wake, akalia, na viatu havikumbana.

Laazizi alimpigia daktari. Akaambiwa ndivyo gesi inavyoshuka, mstari utateremka kidogo kidogo kila siku. Anachoona juu ya mstari ndicho jicho linachoweza. Nimechelewa kazini saa nzima. Nikamwambia mwenye duka sababu, akaniambia nenda ukanywe chai kwanza.

Nimechapa barua ya mtu leo nikaandika "Mheshimiwa Malkia".

Jumatano, tarehe 19 Machi

Mstari umeshuka mpaka usawa wa kitasa cha mlango. Baba anatangaza kama mtu wa hali ya hewa. Jioni hakuitazama tivii, anasema jicho lichoke kesho, leo aliweke akiba. Nikamsomea kama kawaida, yeye uso chini.

Nimekokotoa. Kutoka kwenye kiti chake, mstari kesho utakata kioo cha tivii karibu katikati. Nyuso ataziona. Maandishi yako chini, yatakuwa kwenye matope.

Kwa hiyo maneno bado yatakuwa yangu. Ila nyuso sina mamlaka nazo.

Laazizi hajanisema tena. Ameniwekea chai kitandani. Nilipomwambia nimeahidi Alhamisi, alifunga macho akasema "Ee mke wangu," kwa namna ambayo nikajua bado ananipenda na pia kwamba hakuna atakalonisaidia.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Naandika haraka, nimeketi ukingoni mwa kitanda, kanga bado kichwani. Wako sebuleni.

Nilitoka kazini mbio nimwambie kabla. Nimefika saa kumi na mbili kasoro dakika mbili, na Baba amekwisha kuvaa. Amevaa! Shati jeupe la kola, amenyoa, Kinyozi kando yake, Mama amefunga duka mapema. Laazizi amesogeza kiti. Muziki umeanza. Nikasema, "Baba, kabla hakijaanza—" akainua kiganja. "Ngoja. Ngoja kwanza nimwone."

Na akamwona. Malkia alitoka kwenye milango mikubwa, nyekundu na dhahabu, na Baba akainuka nusu kwenye kiti. Akasema mkono umeshuka kweli. Akasema nilimwambia mwezi, ni mwezi kabisa. Mshono wa bega uko pale pale nilipouweka. "Binti, ulitazama!" Machozi yanamtoka, lile jicho na hata lile lililokufa. Mama amemshika bega. Kinyozi anajifuta kwa taulo la wateja. Nikasoma kiapo chote cha Malkia bila kuongeza hata nukta, nikadhani labda atasahau, labda nguo zitamtosha.

Wakuu wa vita wakaingia. Mstari mmoja, wamesimama bega kwa bega, kamera inapita kwenye nyuso zao taratibu — kwa nini taratibu hivyo! Baba akasogea mbele. Akainua kichwa kidogo ili maji yashuke. Kidole kikaanza. Mmoja. Wawili. Watatu. Alikwenda mpaka saba.

"Wako saba," akasema.

"Saba, Baba."

"Wote wana macho mawili."

Nilipaswa kuogopa. Naapa nilipaswa! Lakini kilichonipanda kilikuwa ni furaha, furaha ya kupiga vigelegele, maana yuko hatua nne kutoka kwenye kioo na amehesabu macho ya watu! Macho kumi na manne! Ameona kwamba mtu hayupo! Nikajiziba mdomo kwa kanga. Laazizi alikuwa anacheka na kulia. Kinyozi akaanza, "Labda huko mpakani njia—" na Mama akamkanyaga mguu.

Baba hakucheka. Hakukasirika pia, sikuona hasira. Amekaa akitazama pale mwisho wa mstari wa watu, pale palipo wazi. Halafu akasema, "Zima sauti." Laazizi akazima. Malkia anatawazwa kimya kimya.

"Theluji, na nguo nyeupe zisizo na pindo," Baba akasema. "Walikuwa wanamzika, siyo?"

Nikasema ndiyo. Nikasema mshale ulimpata Jumamosi ile, kwenye daraja. Nikaanza kueleza na akanizuia. Alisema siyo hivyo, nisiongee na kisogo chake. Tangu niolewe hajawahi kuniona sawasawa. Siku ya harusi pazia lilikuwa limeanza kushuka na yeye akadhani ni mwanga mbaya wa ukumbi. Anataka kunisikia huku ananiona. Nikapiga magoti mbele yake, kama inavyopasa kuongea na baba.

"Usipige magoti, unazama kwenye matope. Simama. Juu ya mstari."

Nilisimama, halafu nikakimbilia huku kuvuta pumzi. Dakika tano, nimesema. Zimepita zaidi. Nasikia kiti kinageuzwa, kinaipa tivii mgongo, kinatazama mlango wangu. Mama anasema mwache anywe maji kwanza. Baba anasema anywe, mimi sina haraka, siku hizi naona.

Anaita. Hasemi binti. Anasema, "Mwanangu!"

Naenda. Nimetoa kanga kichwani, asione malkia, anione mimi.